Mwiko na Wasiwasi: Uhakiki wa Lugha ya Fikra za Shuruti katika Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga hupita Athi River, kisha Kitengela, kisha Isinya, kabla ya kufika mji wa Kajiado. Ni safari fupi, lakini katika safari hiyo msafiri huvuka mipaka kadhaa ya lugha. Kitengela, ambako zamani kulikuwa uwanda wa malisho ya Wamaasai, kulibadilika baada ya ranchi ya pamoja kugawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980 na viwanda vya EPZ kuanzishwa Athi River katika mwongo uliofuata. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta mjini humo zaidi ya watu 150,000. Katika ploti moja huweza kupanga Mkamba, Mkikuyu, Mluo na Mmaasai, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha kuombana chumvi, kugombana juu ya maji na kujuliana hali mmoja wao anapougua.

Makala haya yanahusu ugonjwa mmoja ambao Kiswahili hicho hakijaupa jina linalotosha. Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya maelezo tu, lakini kila sehemu yake inalingana na dalili zinazojulikana. Mwanamke anayefanya kazi ya kushona kiwandani hutoka nyumbani kwake Kitengela alfajiri. Hufunga geti, hugusa komeo mara tatu, na kuondoka. Kabla hajafika steji, fikra humjia kwamba mguso wa tatu haukuwa kamili, na kwamba kwa sababu hiyo kaka yake, dereva wa lori katika barabara ya Namanga, atapata ajali. Hurudi akagusa tena. Siku nyingine hurudi mara moja, siku nyingine mara sita. Anajua kabisa kwamba chuma cha geti hakina uhusiano wowote na breki za lori. Akiulizwa, atasema hivyo mwenyewe. Hata hivyo hurudi.

Jirani yake humwambia, "Acha wasiwasi, dada." Mchungaji humwombea dhidi ya roho ya hofu. Mama yake, aishiye karibu na mji wa Kajiado, huuliza ni mwiko gani uliovunjwa katika ukoo. Msimamizi wake kiwandani humhesabia dakika alizochelewa. Wote wanne wametumia lugha waliyo nayo, na hakuna hata mmoja aliyeutaja ugonjwa.

Shabaha ya uhakiki huu ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba fikra ya mwanamke huyu si mwiko wala si ushirikina, na kwamba kuichanganya na hivyo ni kosa lenye historia ndefu, ambalo wataalamu walilifanya kabla ya majirani. Pili, kwamba Kiswahili tayari kina maneno na miundo ya sarufi inayoweza kutenganisha mambo haya, ila maneno hayo yamechakaa na miundo hiyo haijapata kuangaliwa.

2. Kosa la wataalamu

Mwaka 1907 Sigmund Freud aliandika makala akilinganisha vitendo vya watu wenye maradhi ya shuruti na ibada za dini. Mwaka 1909 alieleza habari za mgonjwa mmoja aliyeamini kwamba mawazo yake yangeweza kuwadhuru watu, na mwaka 1913, katika kitabu chake juu ya totemu na miiko, aliurefusha ulinganisho huo hadi kwenye miiko ya jamii ambazo Wazungu wa wakati huo waliziita za kishenzi. Freud hakukosa kuona tofauti, na alizitaja baadhi yake. Lakini mlango alioufungua ulipitwa na wengine waliokuwa na haraka zaidi.

Mmojawapo ni J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyewekwa kusimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938. Hospitali hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Miongoni mwa madai yake ni kwamba maradhi ya shuruti yalikuwa adimu mno kwa Waafrika. Dhana iliyo nyuma ya dai la namna hii haihitaji kutafutwa sana: ikiwa maisha ya Mwafrika yamejaa miiko na ibada za kujikinga, basi atakuwaje na haja ya kujitungia zake? Kwa maneno mengine, kile kilichokuwa ugonjwa kwa Mzungu kilihesabiwa kuwa utamaduni kwa Mwafrika.

Hoja hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya ushahidi. Wagonjwa waliopelekwa Mathari enzi za ukoloni walikuwa aghalabu wale waliowasumbua wengine: waliopiga watu, waliochoma nyumba, waliozurura na kukamatwa. Mtu anayegusa komeo kimya kimya hamsumbui askari. Huweza kuishi miaka mingi bila ya mtu yeyote kumpeleka popote. Kutomwona hospitalini si dalili ya kwamba hayuko. Utafiti wa baadaye katika nchi nyingi umeonyesha kwamba ugonjwa huu huwapata watu wapatao 2 katika kila 100 wakati fulani wa maisha yao.

Kasoro ya pili ni ya ufafanuzi, nayo ndiyo inayowahusu hasa wanafunzi wa lugha. Carothers hakuwa na haja ya kuuliza wenyeji wenyewe wanaitenganisha vipi miiko yao na fikra zinazomwandama mtu mmoja. Alisikia katazo, akaliita katazo, akaridhika. Wataalamu wa Kiafrika, kama Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, walizipinga nadharia za namna hii mapema. Lakini upinzani huo ulielekea kwenye suala la rangi na uwezo wa akili, kama ilivyokuwa lazima kwa wakati ule. Suala la maneno lilibaki.

3. Mwiko ulivyo

Basi hapana budi kuuangalia mwiko wenyewe, na Kajiado inatoa mifano ya kutosha.

Mfano wa kwanza ni wa kuhesabu. Mwaka 1904 afisa Mjerumani M. Merker, aliyeishi na Wamaasai wa upande wa Tanzania ya leo, aliandika kwamba hawakuhesabu watu wala mifugo mmoja mmoja, kwa kuhofia kwamba waliohesabiwa wangekufa. Mfugaji alilijua kundi lake kwa kulitazama: kwa rangi, pembe na mahali pa kila ng'ombe. Aliyepungua alionekana bila ya kuhesabiwa. Kwa wafu hesabu iliruhusiwa, maana hawawezi kufa tena. Mwiko huu una mantiki, una mpaka, na una njia ya kuuzunguka. Na jamii imeweza kupatana nao: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza idadi ya mifugo, na wafugaji wa Kajiado walijibu.

Mfano wa pili ni ule uitwao kwa Kimaa enturuj, yaani katazo linalomzuia morani kula nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa. Ni katazo zito, na anayelivunja huaibika mbele ya rika lake. Lakini lina mwanzo na lina mwisho. Linamshika mtu anapokuwa morani, nalo huondolewa kwa sherehe anapoelekea uzee. Sherehe za kupanda rika za Wamaasai, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, zinaweza kusomwa kuwa pia ni kalenda ya kufunga na kufungua makatazo.

Mfano wa tatu umekuja Kitengela pamoja na wapangaji Wakikuyu. Thahu ni unajisi unaompata mtu kwa kufanya au kupatwa na jambo fulani, hata bila ya kukusudia, kwa mfano kwa kugusa maiti. Mwenye thahu asipotakaswa huogopewa kupata maradhi. Juu juu, thahu inafanana sana na hofu ya uchafu inayowaandama wengi wenye ugonjwa wa shuruti. Lakini thahu ilikuwa na mtakasaji, mundu mugo, aliyejulikana na wote. Mnyama alichinjwa, mgonjwa alitamkiwa maneno na kutapishwa uchafu wake kwa ishara, na baada ya hapo thahu ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyerudi kwa mundu mugo mara sita kabla ya jua kuchomoza.

Kutokana na mifano hii mitatu, sifa nne za mwiko zinajitokeza. Mwiko hujulikana na zaidi ya mtu mmoja. Una mpaka wa wakati, mahali au rika. Una mtu au tendo linaloweza kuufungua. Na ukishatimizwa, hunyamaza. Sifa hii ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Mwiko hudai, hulipwa, na mlipaji huenda zake.

Fikra ya mwanamke wa Kitengela haina sifa hata moja katika hizo. Hakuna mzee yeyote, wa kabila lolote, aliyepata kumwambia kwamba geti liguswe mara tatu. Katazo halina rika wala msimu. Hakuna wa kumfungua. Na likishatimizwa halinyamazi: hurudi na dai jipya, kwamba mguso ulikuwa mwepesi, kwamba wakati wa kugusa alifikiria jambo baya, kwamba sasa tatu haitoshi. Kumwambia mtu huyu kwamba anafuata mila ni kumsingizia yeye na kuisingizia mila.

Ni kweli kwamba mambo haya huweza kuvaana. Fikra za shuruti huchukua mavazi zinayoyakuta nyumbani. Mtu aliyelelewa katika habari za thahu ataweza kuandamwa na fikra za thahu; aliyelelewa katika kanisa ataweza kuandamwa na fikra za kukufuru katikati ya sala. Lakini vazi si mvaaji. Mtu aliyetakaswa thahu na jamaa zake wakaridhika, kisha yeye peke yake akadai kutakaswa tena na tena, ametoka katika mila, na watu wa mila ndio watakaokuwa wa kwanza kumshangaa.

4. Neno wasiwasi

Jina lililo karibu zaidi na hali hii katika Kiswahili ni wasiwasi, na habari za neno hili ni za kusikitisha kidogo.

Asili yake ni Kiarabu, ambamo kitenzi waswasa ni cha kuiga sauti: silabi inayojirudia huigiza mnong'ono. Katika sura ya mwisho ya Kurani neno hili limetumiwa kwa mnong'onezaji anayetia fikra vifuani mwa watu na kurudi nyuma. Kiswahili, ambacho chenyewe hupenda uradidi, kililipokea neno pamoja na marudio yake: wasi-wasi. Ni vigumu kupata neno ambalo umbo lake linafanana zaidi na maana yake. Fikra inayorudi imepewa neno linalorudi.

Katika elimu ya Kiislamu neno hili halikubaki kuwa la jumla. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na sehemu yake moja inahusu fikra zinazomwandama mtu bila ya kutaka. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, aliwasema wale wanaorudiarudia kutawadha na kutia nia. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima dhidi ya watu wa wasiwasi. Wanafiqhi waliwaelekeza watu hawa kwenye kanuni inayojulikana sana, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha kwa yakini, kisha akashuku, asirudie. Naye akiona dhiki kwa kutorudia, aistahimili, maana kurudia ndiko kunakoulisha wasiwasi.

Yafaa kulinganisha shauri hilo na jambo lililotokea London mwaka 1966. Katika mwaka huo mwanasaikolojia Victor Meyer alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili wa shuruti aliowatibu kwa kuwakabilisha na kile walichokiogopa, huku wakizuiwa kutenda vitendo vyao vya kujikinga. Hofu ilipanda, kisha ikashuka yenyewe. Njia hiyo, iliyoendelezwa baadaye na wengine, ndiyo mpaka leo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa ugonjwa huu, pamoja na dawa za kundi la fluoxetine na dawa ya zamani zaidi, clomipramine. Haisemwi hapa kwamba wanafiqhi walikuwa wametangulia kugundua tiba ya kisasa, kwani wao walikuwa wakilinda ibada na maelezo yao yalikuwa juu ya shetani. Linalosemwa ni kwamba neno wasiwasi lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki likiwa na maana mahsusi: fikra ya kushuku inayorudi, isiyoridhika, na inayozidi kwa kutiiwa.

Maana hiyo imefifia. Katika Kiswahili cha leo wasiwasi ni shaka, hofu au kutotulia kwa namna yoyote. Mwanafunzi ana wasiwasi wa mtihani, mfanyabiashara ana wasiwasi wa bei. Nchini Kenya hasa, "bila wasiwasi" na "ondoa wasiwasi" yamekuwa maneno ya adabu, ya kumpa mtu moyo na kumaliza mazungumzo. Basi mgonjwa wa Kitengela anapoingia katika zahanati na kusema "nina wasiwasi", amesema kweli kabisa, na hajasema lolote. Neno lililomfaa kuliko yote limeshatumika kwa wengine.

Jambo hili limezidishwa na mabadiliko ya kitaalamu. Zamani ugonjwa wa shuruti uliwekwa katika kundi moja na maradhi ya hofu. Mwaka 2013, katika toleo la tano la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, ulitolewa humo ukapewa sura yake, na Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, nao umeupa kundi lake. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "ugonjwa wa wasiwasi" bila ya kufafanua, huku akitumia neno hilohilo kwa maradhi ya hofu ya jumla, anaunganisha vitu viwili ambavyo wataalamu wamevitenganisha. Na anayeandika "imani za kishirikina" au "fikra za kichawi" kwa ile hali ya kuamini kwamba wazo au tendo dogo litasababisha msiba wa mbali, anafanya kosa la Carothers upya. Uchawi katika Kiswahili una mchawi, na ushirikina una mshirikina. Mgonjwa akisikia maneno hayo atasikia ameshitakiwa.

5. Fasihi na mgonjwa asiyesomwa

Ingetarajiwa kwamba fasihi ingeziba pengo hili. Haikuliziba, na sehemu ya lawama ni ya wahakiki.

Ebrahim Hussein aliigusa mada hii mara mbili. Katika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, suala la maji yanayogeuza risasi ni suala la fikra inayodhaniwa kuwa na nguvu ya kutenda. Lakini Hussein alikwenda mbali zaidi. Kinjeketile mwenyewe anaanza kushuku ujumbe alioutoa mtoni, naye anatambua kwamba neno lake limekuwa kubwa kuliko yeye. Mwenye fikra hana tena mamlaka juu ya fikra. Katika Mashetani, ya mwaka 1971, mchezo wa Juma na Kitaru chini ya mbuyu, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu, hauishi mchezo unapokwisha. Unaendelea kumwandama Kitaru, na wazazi wake wanahangaika naye.

Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 waliisoma Mashetani kwa upande wa ukoloni mamboleo na matabaka, na usomaji huo una haki kamili katika matini. Shetani ni mfumo. Mbuyu ni historia. Kitaru ni msomi wa tabaka jipya asiyejua asimame wapi. Lakini usomaji huo ulipozoeleka darasani, ulizaa desturi moja mbaya: kila mhusika anayeandamwa na fikra akawa ishara. Mwanafunzi huulizwa Kitaru anawakilisha nini. Haulizwi Kitaru anaumwa nini. Ishara haina usingizi wa kukosa, wala haina mama wa kuhangaika.

Desturi hii ina uzito hata nje ya darasa. Walimu wa shule, wauguzi, makarani na watangazaji hupitia katika masomo hayo ya fasihi. Wakifundishwa miaka minne kwamba anayesikia mnong'ono ni jamii inayosema, watakuwa wamepata jicho la kuiona jamii na kukosa jicho la kumwona mtu. Hapadaiwi kwamba Mashetani ni tamthilia ya ugonjwa wa shuruti. Dai hilo lingekuwa la nguvu tu. Panadaiwa kwamba maswali mawili yanaweza kuulizwa juu ya matini moja, na kwamba la pili halijaulizwa vya kutosha.

6. Sarufi ya shuruti

Kuna ushahidi mwingine, ulio karibu zaidi na kazi ya idara za lugha, nao ni wa sarufi. Mwiko katika Kiswahili aghalabu husemwa kwa nafsi ya pili ya jumla na kwa masharti yakinishi: ukihesabu ng'ombe, watapungua, ukifagia usiku, utafukuza riziki. Msemaji hajisemei yeye. "U-" hiyo ni ya kila mtu. Tendo linalokatazwa ni tendo la kufanya, na anayetaka salama hana la kufanya isipokuwa kujizuia.

Shuruti hupinduka pande zote mbili. Mwanamke wa Kitengela husema, "Nisipogusa komeo mara tatu, kaka yangu atakufa." Nafsi ni ya kwanza, na sharti ni kanushi. Kiambishi -sipo- kinamweka mgonjwa mahali pabaya sana, maana hatari haiko katika kutenda bali katika kutotenda. Anayekatazwa kuhesabu ng'ombe hutimiza mwiko akiwa amelala. Anayeambiwa "nisipo-" hawezi kulala, kwa sababu kulala nako ni kutotenda. Ni kweli kwamba iko miiko isemwayo kwa ukanushi, na wako wagonjwa wanaosema kwa uyakinishi. Dai hapa ni la mwelekeo, si la sheria. Lakini nafsi na ukanushi vinapokutana, msikilizaji ana sababu ya kutega sikio.

Alama ya tatu ni kishazi cha kukiri: "Najua si kweli, lakini..." Mshika mila hasemi hivyo. Yeye akishika mwiko, aghalabu anauamini au anauheshimu, asipouamini, huuacha. Mgonjwa wa shuruti aghalabu haamini, na bado hutii. Neno "lakini" katika kinywa chake limebeba ugonjwa wote. Wanaomhurumia husikia sehemu ya kwanza ya sentensi na kumjibu, "Kama unajua, basi acha." Wamejibu kishazi ambacho hakikuwa na tatizo.

Alama ya nne ni neno "tena". Mwiko hutimizwa; shuruti hutimizwa tena. Ndiyo sababu hata kumhakikishia mgonjwa, jambo ambalo jamaa hulifanya kwa mapenzi, humdhuru. Akipiga simu kwa kaka yake na kusikia yuko salama Namanga, atatulia kidogo, kisha atataka kupiga tena. Simu imekuwa komeo jingine.

7. Pendekezo na hitimisho

Istilahi hazitungwi na mtu mmoja, na makala haya hayakusudii kufunga mjadala. Hata hivyo linawekwa pendekezo moja mbele ya wasomi. Ugonjwa huu una sehemu mbili: fikra inayorudi na tendo linalolazimishwa. Kiswahili kina neno kwa kila sehemu. Wasiwasi, likirudishiwa maana yake ya kwanza, latosha kwa fikra. Shuruti, neno linalojulikana Lamu, Unguja, Nairobi na Kajiado, latosha kwa tendo. Yakiunganishwa, "ugonjwa wa wasiwasi na shuruti" unajieleza wenyewe, na neno la pili linalizuia la kwanza lisipotelee katika hofu za kila siku. Maradhi ya hofu ya jumla yaitwe maradhi ya hofu. Na ile hali ya kudhani kwamba wazo au mguso utaleta msiba ielezwe kwa maneno ya wazi, kwamba mgonjwa huipa fikra nguvu ya tendo, bila ya kumtaja mchawi wala mshirikina.

Lakini jina peke yake halimfai sana mwanamke anayerudi getini alfajiri. Kinachoweza kumfaa ni swali. Muuguzi wa Kajiado, mchungaji wa Kitengela, au mama mzazi, hahitaji kujua vitabu vya London wala vya Baghdad ili aulize, "Ukishagusa, neno lile huisha?" Likiisha, huenda ni mwiko, na wenye mwiko wanajua la kufanya. Asipoweza kusema kwamba linaisha, na akaongeza kwamba yeye mwenyewe anajua si kweli, basi hahitaji kafara wala karipio wala kuambiwa aache wasiwasi. Anahitaji kupelekwa kwa mtu wa tiba ya akili, na njiani aambiwe kwamba ugonjwa wake unajulikana, kwamba wengine wanao, na kwamba hutibika.

Swali hilo ni la Kiswahili chepesi kabisa. Limekaa katika lugha muda wote huu. Waliofundishwa kusikiliza lugha ndio waliopaswa kulisikia kwanza.